Inge Wendler, Malkia wa Jukwaani Aliyehamia Mlandege

Mchungaji, wazee wa usharika, wanakwaya na majirani wa Mlandege, mimi ni Eveline Isakwisa, mtoto wa mume wa marehemu, sikuwahi kumwita mama, na ndugu waliponipa kazi hii niliwaambia nitasoma yaliyotokea tu, wakakubali.

Ingeborg Wendler, mliyemwita Mama Inge, alizaliwa tarehe 14 Februari 1941 mjini Halle, Ujerumani, mtoto pekee wa mama fundi cherehani, na baba aliyefia vitani kabla Inge hajaanza kutembea. Alisoma shule hapohapo kuanzia 1947 hadi 1955, akafua mashuka ya hospitali kwa miaka minne, kisha akapokelewa chuo cha muziki mjini Leipzig, akahitimu Julai 1964.

Septemba mwaka huo aliajiriwa na jumba la opera la mji mdogo, na opera ni ile michezo ya jukwaani ambayo watu huimba kila neno badala ya kulisema, akianzia kundi la nyuma, hadi tarehe 3 Machi 1967 mwimbaji mkuu alipougua koo, naye akaimba nafasi ya malkia kwa saa tatu bila mazoezi, watu wakasimama kumpigia makofi. Kwa miaka ishirini na minne hakumrudishia mwenzake nafasi ile, yule mgonjwa akaishia kuuza tiketi mlangoni. Alinisimulia hayo mwenyewe, akicheka.

Baba yangu alitoka Ilomba, Mbeya, mwaka 1979 kwenda kusomea mitambo ya uchapaji, akamwacha mama yangu Tumpe pamoja nami nikiwa na miaka mitatu, na tarehe 6 Juni 1981 akafunga ndoa na marehemu, akijiita kapera. Mama aliandika kuuliza mumewe yuko wapi, akatuma kwenye jumba la opera, kwa kuwa ndiyo anwani iliyokuwa kwenye bahasha ya mwisho ya baba, na marehemu, asiyejua Kiswahili, akadhani ameandikiwa na mpenzi wa nyimbo zake, akamtumia picha yake amevaa taji, ameitia sahihi. Mama aliitazama, akaniambia, "Huyu ndiye aliyejibu." Ukweli marehemu aliujua mwaka 1984, akanyamaza, akabaki na mume.

Hakujaliwa mtoto. Mwaka 1991, Ujerumani mbili zilipokwisha kuungana, jumba lilipunguza watu, akaambiwa kwa miaka yake hamsini hahitajiki tena, na Februari 1992 wakahamia hapa Mlandege, baba akafungua kiwanda kidogo cha uchapaji, yeye akafundisha kwaya yenu. Mimi nilikuja Iringa kusoma mwaka 1994, nikajiunga, na Jumapili ya tatu alisimamisha wimbo, akasema mbele ya wote, "Eveline, wewe fungua mdomo tu, sauti usitoe." Mlicheka, baadhi yenu mmekaa hapa mbele, na tangu siku hiyo sijaimba kanisani.

Baba alifariki mwaka 2011. Tarehe 9 Oktoba 2022 marehemu alipata kiharusi, mkono wa kulia ukalala, sauti ikapotea kabisa, wanafunzi wake waliomsifu wakaja mara mbili, basi. Nilibaki mimi, nikamwogesha na kumlisha uji, kwa sababu hakuwa na mtu mwingine, na sitaki mtu aseme ulikuwa upendo. Asubuhi moja ya Juni 2024 aliandika kwa mkono wa kushoto neno "samahani" kwenye daftari, akanisogezea, nikamjibu, "Nimeliona," nikaendelea kumchana nywele. Alifariki hospitalini hapa Iringa tarehe 12 Mei 2025, saa nne asubuhi, akiwa na miaka themanini na minne.

Tunawashukuru madaktari na wauguzi, ambao hawakuchoka hata alipowatupia kijiko, jirani yetu Bi Sifaeli, aliyezichotea maji nyumba mbili, yake na yetu, kila siku bila kuombwa, wafanyakazi wa kiwanda, waliolibeba jeneza tangu barabarani, na ninyi wanakwaya pia, ingawa mmechelewa.

Inge, kalale kwa utulivu, na sisi wa nyumba hii utuachie utulivu wetu.