Lori Lililorudi Nyuma Kwenye Mtihani Wangu

Ndugu zangu, nashukuru mmenipa nafasi hii kabla hatujasali. Hapa Nyamwamba mnanijua kama mwalimu mstaafu asiyechoka kusimulia habari za Bwera. Ni kweli, Bwera naikumbuka sana. Nakumbuka baridi ya asubuhi ikishuka kutoka milimani, na malori yakinguruma kuelekea mpakani hadi ninyamaze darasani nikingoja yapite. Nilikuwa kijana, nina tai, na kalamu nyekundu mfukoni. Lakini kuna sehemu sijawahi kuwasimulia.

Nilifundisha fizikia kwa wanaoanza. Nikisahihisha, nilitazama mstari wa mwisho tu. Jibu likifanana na langu, alama zote. Lisipofanana, sifuri. Nawaambia ukweli, niliona fahari kumaliza darasa zima kabla chai yangu haijapoa.

Muhula mmoja niliuliza hivi: lori linakwenda meta ishirini kwa sekunde, dereva anashika breki, na mwendo unapungua kwa meta tano kila sekunde. Baada ya sekunde sita litakuwa limefika umbali gani? Kwa kanuni nilipata meta thelathini. Binti mmoja aliyekimbia vita kutoka upande wa Butembo, ng'ambo ya mpaka, aliandika arobaini. Akaja na karatasi mezani kwangu.

"Mwalimu, kosa iko wapi?"

"Hukufuata kanuni."

"Lakini mwalimu, lori ilisha simama."

"Kaa chini."

Akaiacha karatasi, akakaa. Mtihani ule ndio ulioamua nani abaki darasa la sayansi. Yeye hakubaki, na baada ya wiki chache akaacha kuja shule.

Muhula uliofuata mwalimu mgeni aliazima maswali yangu. Akanifuata kwenye chumba cha walimu, akauliza taratibu, "Mwenzangu, lori lako linasimama sekunde ya nne, kwenye meta arobaini. Halafu linarudi nyuma meta kumi. Nani analisukuma?"

Nilicheka. Kisha nikafungua kabati, nikaitoa karatasi ya yule binti. Pembeni alikuwa ameandika kwa mkono wake: "Breki inasimamisha lori, hairudishi nyuma." Alikuwa amefikiri. Mimi sikuwa nimefikiri, wala sikuwa nimesoma.

Baada ya hapo niliandika ubaoni bila kuwageukia wanafunzi. Niliogopa maswali ya watoto. Nikamwambia mkuu wa shule kwamba naumwa, nikaenda nyumbani Bugoye, nikapalilia kahawa muhula mzima. Mke wangu alinivumilia, hadi siku moja akasema, "Baba, hii kahawa imepaliliwa mara tatu. Nenda ukamwone yule mtoto."

Nikaenda Bwera. Nilimkuta sokoni na shangazi yake, wanauza maharagwe. Nilikuwa nimepanga maneno mengi, yote yakanipotea. Nikasema tu, "Jibu lako lilikuwa sahihi. Mimi ndiye niliyekosa. Nisamehe."

Shangazi akanisogezea kigoda nikae. "Ikala, mwalimu."

Yule binti akaendelea kuchambua maharagwe. Kisha akasema, "Mi nilijua iko sawa. Niliumia sababu haukusoma."

Ndugu zangu, kelele zote za soko lile sikuzisikia tena.

Siku ileile nilikwenda kwa mkuu wa shule, nikamweleza yote. Alama zikarekebishwa, na binti akarudi darasani. Nami nikarudi. Tangu hapo kila mwanafunzi aliandika sentensi moja chini ya hesabu: jibu hili linasema nini, na je, linawezekana? Sentensi ile niliipa alama. Nilimaliza kusahihisha chai imepoa kabisa, na miaka ile ndiyo ninayoitamani mpaka leo. Yule binti sasa anafundisha fizikia. Mwaka jana alinionyesha rundo la karatasi za wanafunzi wake. Kila pembeni palikuwa na maneno.

Namshukuru mwalimu yule aliyeniuliza bila kunidharau. Namshukuru mkuu wa shule aliyenipokea, na shangazi aliyenipa kigoda. Namshukuru mama wa nyumbani kwangu, ameketi pale. Na namshukuru Mungu.

Ninalowaachia ni dogo. Nyumbani, kazini, hata hapa kanisani, kabla hujamwambia mtu kwamba amekosa, mwombe akueleze alivyofikiri. Kisha msikilize hadi amalize. Mimi nilichelewa muhula mzima, na mtoto wa watu ndiye aliyeulipia.