Saa Nzima Juu ya Pikipiki Nyekundu

Ijumaa hii, tarehe 28 Novemba, baada ya miaka ishirini na tisa na miezi minne ya kazi, fundi mkuu wetu wa viti vya pikipiki atavua aproni yake, ataitundika kwenye msumari alioupigilia mwenyewe, na Jumatatu hatairudia. Kwenye faili la ofisi ana jina refu lenye mihuri miwili. Hapa karakanani, na kwa wateja wote, anaitwa Bi Saa Nzima. Aliyewahi kutengenezewa kiti naye hahitaji kuelezwa sababu, ila kwa ajili ya wageni watakaosoma ratiba hii ya kumuaga, nitaeleza.

Karani ndiye aliyeniomba mimi, fundi wa kuchomelea, niandike wasifu huu. Nilipomuuliza kwa nini mimi, alijibu kwamba hakuna aliyegombana na mama huyu kwa muda mrefu kuliko mimi. Ni kweli. Meza zetu zimetazamana kwa miaka ishirini na miwili, na humjui mtu vizuri mpaka akukasirishe kila siku.

Alikuja kwetu akitokea kwenye duka la makochi. Mwenyewe husimulia bila aibu kwamba alidhani kiti cha pikipiki ni kochi dogo tu. Kazi yake ya kwanza ilikuwa pikipiki ya mbio ya mwalimu mmoja wa hesabu, aliyekuwa akisafiri mwendo wa saa tano kila mwisho wa mwezi kwenda kumwona mama yake. Akamjazia sponji laini mpaka kiti kikaumuka. Mwalimu alikikalia, akatabasamu, akaondoka akimwombea baraka. Jumatatu alirudi akitembea kama mtu aliyebana yai katikati ya magoti. Sponji ilikuwa imelala kabla ya saa ya kwanza kwisha, na saa zilizobaki alikuwa amekalia chuma. Mama huyu hakujitetea. Alikifumua kiti mbele ya mteja, akaanza kujifunza upya, na tangu siku hiyo hasemi jingine: sponji ni kama mgeni, dakika tano za kwanza kila mmoja ana adabu.

Hapo ndipo ilipozaliwa saa nzima. Kabla hajashika kisu, mteja hupandishwa kwenye pikipiki yake iliyosimamishwa wima kwenye stendi, kofia ngumu kichwani, mikono kwenye usukani, akae dakika sitini. Simu hairuhusiwi. Yeye huketi pembeni kwenye kigoda na daftari lake, akiandika anayoyaona: dakika ya kumi na mbili, bega la kushoto limepanda, dakika ya ishirini na tano, ameanza kuhamisha uzito. Mkaguzi mmoja wa serikali alidai kwamba ana haraka. Akaambiwa, "Haraka yako iache getini, baba, utaikuta." Akakaa. Mpiga picha za harusi alisinzia dakika ya hamsini, nusura aangukie ndoo ya gundi, na kiti chake ndicho kilichotoka vizuri kuliko vyote mwaka ule. Bi Saa Nzima alisema mtu akisinzia, mwili wake husema ukweli.

Viti vilivyopita mikononi mwake ni zaidi ya elfu mbili, na madaftari yamejaza kabati zima. Yupo muuguzi anayezungukia zahanati nne kwa wiki ambaye siku hizi hamezi tena dawa za mgongo. Yupo mzee wa miaka sabini na mmoja aliyeshauriwa na wanawe auze pikipiki yake; alikuja hapa kwanza, na wanawe mpaka leo hawatusalimii.

Lakini mimi na yeye hatukuwahi kukubaliana ugonjwa unaanzia wapi. Pikipiki ya mbio humlaza mpandaji kifudifudi juu ya tangi, usukani uko chini, vikanyagio viko juu na nyuma. Imeundwa kwa dakika ishirini za kasi, si kwa siku mbili za barabara. Mteja akilalamika, mimi husema tuinue usukani. Yeye husema tukate kiti upya. Mkono ukiuma, kiti. Shingo ikiuma, kiti. Siku moja mteja alilalamika kwamba jino linamuuma, nikamwelekeza moja kwa moja kwenye meza ya mama. Alininunia siku mbili.

Mwezi wa tano mwaka huu lori lilishusha getini pikipiki nyekundu ya mbio, imefunikwa blanketi. Ilitoka kwa dada yake Bi Saa Nzima, mkubwa wake kwa miaka minne, anayeishi kilomita mia tisa kutoka hapa. Katika familia yao dada ndiye aliyekuwa mpandaji; huyu wetu alikuwa mshonaji, mwenye pikipiki ndogo ya kumpeleka sokoni na kumrudisha. Miaka yote dada ndiye aliyekuja, mara mbili kwa mwaka, akiingia uani kwa mbwembwe huku mdogo wake akimsubiri mlangoni. Sasa macho ya dada yanazimika. Daktari amesema mwanga uliobaki huenda usifike katikati ya mwaka ujao. Juu ya tangi alikuwa amebandika karatasi yenye mwandiko mkubwa unaopanda na kushuka: "Mimi nimeendesha vya kutosha. Sasa njoo wewe, nikuone ukija."

Tuliisoma wote, na siku ile hakuna aliyetania, hata mimi. Wapo waliomwambia apande basi. Kwa basi angefika, ndiyo, lakini dada yake alikuwa ameomba kitu kingine.

Shida ni kwamba Bi Saa Nzima ana miaka sitini. Mgongo wake umeinamia meza karibu miongo mitatu, na vifundo vya mikono vimechoka kwa stepla. Siku ya kwanza ya kuijaribu nyekundu alirudi baada ya dakika arobaini, akashuka kwa awamu. Akakata kiti kipya. Akarudi na maumivu yale yale. Akakata cha pili, akakata cha tatu, akatia sponji nzito, akapunguza mteremko wa mbele, akabadilisha ngozi. Viti vitatu, kwa mwanamke ambaye tangu yule mwalimu hajawahi kurudishiwa kazi! Kufikia Septemba alikuwa ameacha kuigusa, na asubuhi moja niliikuta imefunikwa tena kwa blanketi lile lile. Niliogopa. Siku zilikuwa zinakwenda, na akishastaafu hatakuwa na meza, wala mashine, wala mtu wa kugombana naye.

Wanasema mganga hajigangi, na kwa huyu wetu ilikuwa kweli tupu. Maelfu ya watu wamekaa saa nzima mbele yake, lakini hakuna aliyewahi kukaa kwenye kigoda akamtazama yeye. Nani angethubutu? Jumamosi moja asubuhi nililiondoa blanketi, nikaisimamisha pikipiki kwenye stendi, nikaketi kwenye kigoda chake na daftari lake, nikamwambia haraka yake aiache getini. Alinitazama mpaka nikaanza kutafuta mlango kwa macho. Kisha akavaa kofia ngumu, akapanda.

Niliandika kama anavyoandika yeye. Dakika ya nane: viwiko vimekakamaa. Dakika ya kumi na tisa: ameteleza mbele, amejirudisha. Dakika ya thelathini: amejirudisha mara ya tano. Dakika ya arobaini niliona nilichokuwa nikikitafuta, na naapa sikufurahi kama nilivyodhani ningefurahi baada ya miaka ishirini na miwili ya ubishi. Mama huyu hakuwa amekalia kiti. Mikono yake ni mifupi, na kuufikia usukani ule ilibidi akiache kiti na kuvibebesha vifundo vya mikono mwili wote. Angekata viti mia, vyote angeviacha nyuma yake. Alimaliza saa yake bila kupunguza dakika hata moja, akashuka, akasoma daftari, akalifunga, akasema maneno ambayo nimeyaandika ukutani juu ya mashine yangu pamoja na tarehe: "Haya, inua."

Niliinua usukani vidole vinne na kuurudisha nyuma viwili. Tukafunga mpira wa breki mrefu zaidi, usije ukavutika usukani unapogeuzwa. Vikanyagio tukavishusha na kuvisogeza mbele, na kioo cha upepo tukakiongeza urefu ili kifua kisipigane na hewa siku nzima. Kwa siku mbili nilitembea karakanani kifua mbele. Siku ya tatu alipanda tena, na dakika ya kumi na tano akaniamuru niandike: uzito sasa umerudi nyuma, na kiti kilichokatwa kwa mtu anayeteleza hakimfai mtu aliyekaa. Akakata cha nne. Kwa hiyo nasikitika kutangaza hadharani kwamba sote wawili tulikuwa sahihi.

Wiki mbili zilizopita, siku ya Jumapili, aliondoka asubuhi, akarudi alasiri, saa sita za barabara. Haikuwa siku ya kazi, lakini sote tulikuwapo getini tukijifanya tunafagia. Alizima injini, akashuka kwa mkupuo mmoja bila kushika kiuno, akauliza kama kuna chai. Karani alilia. Mimi niliingia ndani kutafuta spana ambayo sikuihitaji.

Anatuachia madaftari, kigoda na sheria ya saa nzima, na fundi anayeshika nafasi yake ameshaapa kuifuata. Kwa niaba ya uongozi, mafundi wote, na migongo yote iliyofika ilikokwenda bila kulalamika, tunamshukuru. Sijui Jumatatu nitagombana na nani, na jambo hilo linaniuma kuliko nilivyotarajia kukiri kwenye karatasi rasmi.

Asante, Bi Saa Nzima. Ukae vizuri, uendeshe polepole, upumzike kila baada ya saa mbili. Tunakuombea miaka mingi yenye afya, barabara nzuri, na mikono isiyouma.

Ratiba ya Ijumaa ina hotuba sita, kuanzia saa tatu asubuhi. Nawaomba wasemaji wote, nikianza na meneja, wafupishe. Pikipiki nyekundu itakuwa getini, imeelekezwa nje, mzigo umefungwa, kwa sababu anataka afike nusu ya njia kabla giza halijaingia. Jumamosi alasiri dada yake atakuwa kibarazani, kiti amekigeuzia barabarani, na bado anaona.