Pipa la Maganda ya Nanasi

Benchi la kijiweni limebanwa kati ya meza ya juisi ya Dada Blenda na ukuta wa fundi cherehani, na siku hizi wanaokaa hapo wanaegemeza miguu kwenye pipa la bluu. Ndani mna maganda ya nanasi. Dada Blenda aliyakatakata, akayaanika yakanyauka kidogo, akayachanganya na pumba na molasi, akayashindilia kwa ngumi hadi hewa ikatoka, kisha akakaza mfuniko na kuweka jiwe juu. Yakichachuka vizuri humo bila hewa, lishe yake inapanda na ng'ombe wanayagombania. Leo mama mmoja mfugaji alikuwa anakuja kuyaona. Akiyapenda, atabeba maganda yote kila siku. Asipoyapenda, basi tena, maana mwenye kiwanja alishasema nzi wakionekana hapa, meza ya juisi inaondoka. Roho ya Dada Blenda ilikuwa juujuu tangu asubuhi, na wanaume watatu wa benchi hawakumsaidia hata chembe.

— Bado nasema angechemsha, alisema Daktari, ambaye anauza mitumba ila aliwahi kufagia zahanati. Ganda bichi lina sumu.

— Sumu ya wapi? alidakia Injinia, fundi wa feni. Ukichemsha unaua vitamini. Dawa ni kukausha kwa feni tatu, unasaga unga. Ng'ombe akila ule unga, maziwa yanatoka mazito unayakata kwa kisu.

— Kwa umeme wa nani? aliuliza Dada Blenda huku akimenya nanasi.

Spika, dalali wa vyumba, alikuwa ameweka kikombe chini, na Spika akiweka kikombe chini ujue hotuba inakuja.

— Nyote hamjui kitu. Ganda lina nguvu kuliko nanasi lenyewe. Ng'ombe akilizoea anazaa mapacha. Na kwa harufu ile ya juzi, mapacha wenyewe watatoka wanaimba!

Kisu cha Dada Blenda kikasimama.

— Harufu ya juzi uliipata wapi, shemeji?

— Si... ilikuwa inapita.

— Inapita kwenye mfuniko niliokaza mwenyewe?

— Msamehe, alichungulia tu, alisema Injinia. Aliyeliokoa pipa ni mimi. Gesi ilikuwa inajaa, dada, lingelipuka hili! Kila asubuhi kabla hujafika nalifungua lipumue kidogo.

— Kila asubuhi?

— Kidogo tu, jamani.

— Na mimi nilikoroga, Daktari akaongeza, maana hakutaka kuachwa nyuma. Dawa isiyokorogwa haifanyi kazi.

Dada Blenda alishika kichwa. Alitaka kulia, akaona kuwalilia hawa ni kuharibu machozi bure. Hata muda wa kulia hakuwa nao, kwa sababu yule mama mfugaji alishashuka kwenye pikipiki na mabuti yake, akasalimia, akaondoa jiwe, akafunua. Juu ya maganda palikuwa na ukungu wa kijivu, mzito. Nzi wakafika kabla hajainua uso.

— Pole, mdogo wangu. Nani alikuwa analifungua?

Daktari alitazama mawingu. Injinia alikaza kamba ya kiatu iliyokuwa imekazwa. Spika, yule Spika, alikunywa kutoka kikombe kisicho na kitu. Dada Blenda alitamani kukichoma moto kijiwe kizima.

— Tengeneza jingine, alisema yule mama. Nitapita tena mwisho wa mwezi, mara moja tu. Lakini lisifunguliwe.

Alipoondoka, Dada Blenda aligawa visu. Walimwaga mbali yaliyoota ukungu, wakakata maganda mapya, wote watatu, hadi vidole vikawawasha. Pipa lilipojaa na kushindiliwa, alikaza mfuniko, akalibeba benchi lao, akaliingiza ndani ya kibanda chake nyuma ya meza na kupiga kufuli.

— Sasa sisi tutakaa wapi? aliuliza Spika.

— Jiwe halikutosha, alisema Dada Blenda, akiwaonyesha mfuniko kwa kisu. Kaeni hapo.

— Wote?

— Kwa zamu. Na anayeteremka asubiri mwenzake apande kwanza.

Injinia akapanda wa kwanza.