Makaroni ya Mkwe

Benchi la kijiwe cha Abeid, pale Mji Mpya, zamani lilikuwa siti ya nyuma ya basi la Kisaki. Sponji imekwisha, springi zinachoma, lakini wenyewe hawabanduki. Alasiri ile wingu lilikuwa limeukalia Uluguru hadi kiunoni, na Abeid kaitua sufuria yake ya kahawa juu ya jiko la mkaa, tangawizi inanukia mpaka barabarani. Kulia kakaa Bonifasi, wanamwita Kipimo, maana kiwandani kwenye sukari alikuwa mtu wa kupima miwa, na tangu astaafu hapimi kitu ila maneno ya wenzake. Kushoto kakaa Luqmani, huyo ndiye Dokta. Aliwahi kulinda duka la dawa. Katikati pana nafasi ya mzee Twalibu, na Twalibu mwenyewe huyo anakuja mbiombio, mwiko mkononi.

— Leo mzee kaja na silaha! Kipimo akasema. Nani kakuudhi?

— Sikai, Twalibu akasema, akakaa. Nimekuja mara moja tu. Nina makaroni jikoni. Niambieni, yanatiwa maji kiasi gani?

Ukimwona mwanamume na mwiko barabarani, ujue nyumbani hakuna mtu. Mkewe, bi Mwanvita, alikuwa kapanda Matombo na binti yao Nasra kwenye shughuli ya kumtoa mwali, na kama ilivyo desturi ya chama chao cha kina mama, masufuria ya wanachama yalipanda nao, makubwa kwa madogo. Nyumbani ikabaki moja, iliyobonyea. Na leo ndiyo leo: mkwe wao Salum anatoka Gairo kumfuata Nasra. Mara ya mwisho, siku ya Idi, kijana wa watu aliletewa mtindi akaunywa kwa heshima tu, kumbe maziwa hayakai tumboni mwake. Usiku kucha njia ya choo ikawa yake. Akarudi kwao macho yameingia ndani, na huko ndugu zake wakasema wakwe wamemtilia kitu. Hajakanyaga tena Morogoro.

Asubuhi Mwanvita alipiga simu. "Baba Nasra, nisikilize. Asipokula kwetu leo, hatakula tena, na mwanangu nitakuwa namwona kwenye misiba. Usimpe chakula cha hoteli, ni aibu. Mpikie makaroni, ndiyo anayopenda. Kaanga kitunguu, nyanya, karoti, utie makaroni mabichi humohumo, chumvi, maji, ufunike. Maziwa usitie. Siagi usitie. Na hayo maji, baba Nasra, usije ukatia..." Mtandao wa mlimani ukakata hapo hapo.

— Sasa hivi umetia kiasi gani? Dokta akauliza.

— Kikombe kimoja cha kuzugia, yasiungue nikiwa huku. Na mkaa nimeupunguza.

— Basi una muda, Kipimo akasema. Mmiminie, Abeid. Sasa sikiliza kwa makini. Makaroni si wali. Makaroni yana tundu. Tundu la nini?

— La kutolea upepo, Dokta akadakia.

— Upepo unao wewe! Tundu ni la maji. Maana yake yanakunywa kwa nje, halafu yanakunywa kwa ndani. Maji ya wali, zidisha mara mbili.

— Na nikifunika? Twalibu akauliza.

— Hapo sasa! Ukifunika, mvuke unapanda kwenye mfuniko, unarudi chini. Hayo ni maji mapya, hayamo kwenye hesabu. Uyatoe.

— Niyatoeje, Bonifasi?

— Hilo ni la jikoni. Mie nakupa hesabu.

Dokta alicheka kwa dharau, akakitua kikombe.

— Nyie hangaikeni na maji, mkwe ataondoka na maziwa.

— Maziwa hayamo! Twalibu akaruka.

— Nyanya umetoa wapi?

— Sokoni. Za Mgeta.

— Zimelimwa kwa mbolea gani?

— Samadi, nadhani.

— Ya ng'ombe. Dume au jike?

— Mie nitajuaje, Dokta?

— Unaona? Ng'ombe wa maziwa katoa samadi, mche umefyonza, nyanya imefyonza, mkwe anakuja kufyonza. Kitaalamu huyo kanywa mtindi.

— Kwa hesabu hiyo hata mie ni mtindi, Kipimo akasema. Nimekulia zizini.

— Ndiyo maana hukai tumboni mwa mtu.

Abeid kacheka mpaka kahawa ikamwagikia mkaa. Twalibu hakucheka. Akilini alishamwona Salum kashika tumbo, anakimbia uani, na mwanawe Nasra anafunga mizigo ya kwenda moja kwa moja.

— Sasa dawa yake nini, Dokta? Niambie upesi, makaroni yapo motoni.

— Tia tui la nazi. Litayafukuza.

— Tui nalo jeupe! Kipimo akapiga paja. Weupe wawili wakikutana tumboni, nani anamfukuza mwenzake? Tatizo si weupe. Tatizo ni maji ya huku. Maji ya Gairo mazito, ya kuchimba, na tumbo la Gairo limezoea uzito. Ukimpa haya ya mlimani, mepesi, yatampita kama treni ya mwendo kasi. Yachemshe, yapoze, yachemshe tena, yakomae kwanza.

— Yakomae mpaka lini, na mtu yuko njiani?

— Mwanaume unatishwa na maji? Abeid, mwongeze.

Abeid kamwongeza. Kikombe hakijafika mdomoni, bodaboda ikasimama. Akashuka kijana mrefu, kabeba mfuko wa karanga begani.

— Shikamooni, wazee wangu. Shikamoo, baba.

— Marahaba, mwanangu! Twalibu kanyanyuka, mwiko kauficha mgongoni kama mtoto kadokoa nyama. Mbona mapema?

— Boda kanikimbiza toka stendi ya Msamvu. Nimeanzia nyumbani, nimebisha hodi, kimya. Ukweni siwezi kuingia tu. Ila moshi unatoka jikoni, mweusi. Baba, jikoni kuna nani?

Twalibu akautoa mwiko mgongoni, akatimua mbio kwake, na wote nyuma yake, hadi Abeid.

Walipofika, sufuria ilikuwa inalia peke yake, ndani mna kitu cheusi kilichoshikana kama lami. Mkwe hapiki ukweni, kila mtu anajua, na baba mkwe hasimami akimtazama. Salum akavua viatu, akakunja mikono ya shati, akauliza kama makaroni yamebaki. Yalibaki nusu pakiti.

— Na sufuria, baba?

Hapo Abeid, ambaye mchana kutwa hakutoa wazo hata moja, alirudi kijiweni, akawagawia wateja waliokuwapo kahawa yote iliyobaki, bure, akasuuza sufuria yake.

— Kahawa imekwisha, wazee, akasema, akaondoka na sufuria.

Kitunguu, nyanya, karoti, makaroni, na karanga za Gairo zilizotwangwa mpaka zikalainika. Salum akamimina maji kwa jicho. Kipimo akachungulia mlangoni.

— Umetia kiasi gani, kijana?

— Yakifunika makaroni, basi.

— Na ya kwenye tundu?

Salum hakumwelewa, akafunika.

Makaroni yalinukia tangawizi kidogo. Mkwe alikula, akaongeza, akalala chali kwenye mkeka akikoroma, na choo hakikumwona. Jioni mtandao ulirudi mlimani, simu ikalia.

— Baba Nasra! Mkwe kala?

— Kala. Karudia.

— Maziwa?

— Hata harufu.

— Alhamdulillahi. Na yote umepika kwenye sufuria moja, kama nilivyokwambia?

Twalibu aliitazama iliyoungua, imelowekwa uani. Akaitazama ya Abeid, inasubiri kurudishwa.

— Moja tu, mama Nasra, akasema, akakata simu kabla hajaulizwa ya nani.