Sajini Muthama na Askari wa Kanchanaburi

Ndugu na marafiki mliofika hapa mtaa wa Bani Malik, Jeddah, na wewe Lydia Mwikali, mjane wetu unayetusikiliza kwa simu kutoka Kathiani, mimi ni Samuel Mutua, binamu ya marehemu, na familia imeniomba nisome maisha yake kabla mwili haujasafirishwa nyumbani.

Sajini mstaafu Titus Muthama Kilonzo alizaliwa tarehe 14 Machi 1972 huko Kathiani, Machakos, mtoto wa tatu wa Mzee Kilonzo na Mama Hannah, akasomea huko huko hadi kidato cha nne, na tangu utotoni walimu walilalamika kwamba hakai kwenye dawati. Mwaka 1992 aliandikishwa jeshini, na tarehe 5 Desemba 1998 akafunga ndoa na Lydia, wakajaliwa Alvin na Risper.

Mwaka 2000 alipelekwa Timor Mashariki kulinda amani, na huko, katika mvua za Desemba, akivuka mto uliofurika pamoja na doria ya askari wa Thailand, maji yalimzoa, Mthai mmoja akamshika mkanda, akamsukuma hadi kwenye mizizi ya ukingoni, kisha mwenyewe akachukuliwa na mkondo. Kikosi cha Wakenya kilihamishwa kesho yake, kwa hiyo Muthama hakujua kama mwenzake alipatikana, wala jina lake, ila kwamba alitoka katika divisheni ya askari wa miguu yenye makao Kanchanaburi.

Tangu siku hiyo hakutulia. Alistaafu mwaka 2013, akafungua duka, akafuga kuku, akaacha vyote, na mwaka 2017 akaja Riyadh kwa mkataba wa ulinzi, akaishi mtaa wa Manfuha. Nchi hii ilikuwa ikibadilika, sinema zikifunguliwa, wanawake wakishika usukani, lakini Wathai hakuwaona kazini, maana serikali ya hapa na ile ya Thailand zilikuwa zimekosana zamani. Akasikia kwamba mahujaji wa Thailand hushukia Jeddah, na sheria ya ajira ilipolegezwa mwaka 2021, akahama bila kumbembeleza kafili, yaani mwajiri mdhamini wake, akapata ulinzi uwanja wa ndege.

Nilimwambia, "Muthama, kibali chako cha kuishi, ikama, kiko sawa, bosi wako si mbaya, mbona usitulie Riyadh?"

Akanijibu, "Huenda mtu alikufa kwa ajili yangu, Samuel, na mama yake hajasikia asante."

Kila msimu wa hija aliwauliza Wathai, wengi wakidhani anawatania, hadi Juni 2023 alipompata Haji Abdulloh, mzee wa Pattani aliyewahi kutumikia divisheni ile ile. Mzee akaanza mwanzo kabisa, jinsi divisheni ilivyoundwa na askari waliorudi kutoka vita vya Vietnam, jinsi ilivyolinda mpaka wa Burma, na Muthama, ambaye hakuwahi kumkatiza mkubwa, akamkatiza.

"Haji, na yule wa mtoni?"

Mzee akawapigia wenzake wa zamani, na baada ya ibada akarudi na jibu, "Yuko hai. Anaitwa Anuwat. Alivunjika paja, wanakijiji wakamtoa, na miaka yote hii anauliza kama Mkenya alipona."

Muthama na Anuwat wakaonana kwa simu ya video, wazee wawili wenye Kiingereza cha kuungaunga, wakitazamana zaidi ya kusema, na nilidhani sasa ndugu yangu atapumzika, kumbe ndiyo kwanza akaanza kupanga safari ya Kanchanaburi, akifanya zamu za ziada huku kifua kikimbana, akikataa kwenda kupimwa. Tarehe 2 Februari 2024 alianguka kazini, akalazwa hapa Jeddah kwa ugonjwa wa moyo, na tarehe 9 akafariki, sanduku lake la safari likiwa limeshafungwa.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi waliompigania, majirani wa ghorofa hii waliotupikia, na walinzi wenzake waliokimbizana na karatasi za kumrudisha nyumbani. Tunamshukuru pia Anuwat, ambaye jana alimwambia Lydia, "Yeye hakufika kwangu, basi mimi nakuja kwake," naye tayari amepanda ndege, Alvin atampokea Nairobi, na kaburini Kathiani atakuwa miongoni mwa watakaokushika, Muthama, safari hii kukuteremsha taratibu.

Lala sasa, ndugu yetu. Mgeni wako yuko njiani.