Bi Hasifa Ocokoru Aliyelivusha Jarida la Mraba hadi Mtandaoni

Ijumaa hii, tarehe 28 Novemba 2025, Bi Hasifa Ocokoru anastaafu baada ya kulihariri kwa miaka ishirini na sita jarida la Mraba, la wanachama wa Klabu ya Sataranji ya Arua na Koboko. Mimi ni katibu wa klabu. Nimeombwa nieleze kazi yake kwa ufupi, na ufupi ndio utakaonishinda.

Alizaliwa Ajia, akafundishwa sataranji na kaka yake aliyerudi kutoka jeshini na ubao wa kukunja. Mwaka 1999 tulimpa chumba kimoja hapa Arua Hill, taipureta, na mashine ya kudurufu iliyomwaga wino mwingi kuliko iliouchapa. Mafumbo ya sataranji aliyachora kwa rula na kalamu. Toleo moja alichapisha ubao kichwa chini, na watu wakahangaika nao hadi toleo lililofuata. Mwanachama mmoja akaandika kumpongeza kwamba hilo lilikuwa fumbo gumu kuliko yote. Hasifa alicheka mpaka akatafuta kiti.

Lakini kilichowafanya watu walingojee Mraba kwa hamu ni mchezo mrefu. Arua hucheza na Koboko kwa njia ya jarida, kila upande hatua moja kwa kila toleo. Pamoja na hatua hiyo, kila timu humkabidhi mhariri maelezo ya mipango yake, naye huyaweka kwa siri hadi mchezo uishe, ndipo yachapishwe wote wajifunze. Kwa miaka yote ya karatasi, hakuna neno hata moja lililomponyoka Hasifa.

Mwaka 2023 kamati iliamua kuacha kuchapa na kuhamia mtandaoni. Karatasi ilikuwa ghali, na wanachama wengi walikwisha kuhamia Kampala na Juba. Hasifa hakupendezwa. Aliuliza kikaoni wale wa kijijini Lurujo wenye simu za tochi zisizo na intaneti watasoma nini, na hakujibiwa. Hata hivyo alikubali kuisimamia kazi hiyo. Klabu ikamwajiri Patricia Yengi, fundi wa kompyuta kutoka Sudan Kusini anayeishi hapa Arua, atengeneze tovuti.

Asubuhi ya siku toleo la kwanza lilipotoka mtandaoni, Hasifa alikuwa sokoni akinunua dagaa. Simu ililia. Alikuwa Mwalimu Rashida, mmoja wa viongozi wa timu ya Koboko.

"Mama, kwa nini maneno yetu iko nje?"

"Maneno gani, mwalimu?"

"Yote. Ile mpango ya kutoa malkia. Mutu yote nasoma."

Hasifa aliacha dagaa mezani kwa muuzaji akaenda kwa Patricia. Patricia aliufungua ukurasa akaona kosa mara moja: alipopakia hatua ya Koboko, alipakia pia faili la siri la mipango yao na hakulifunga. Aliliondoa, lakini watu walikwisha kulisoma. Koboko walikuwa wamepanga kumtoa malkia wao kafara ili wambane mfalme wa Arua, na sasa mpango mzima ulikuwa umeanikwa mbele ya wapinzani wao.

Kufikia jioni, Mzee Alionzi, mwenyekiti wa tawi la Koboko na dereva mstaafu wa malori, alikwisha kutuma ujumbe kwamba tawi lake linajitoa. Huko ilisemwa kwamba Arua walimlipa msichana mgeni awaibie. Hapa Arua hali haikuwa nzuri zaidi. Kamati ilikutana ofisini, na mwenyekiti wetu, Abiriga, akapendekeza mambo mawili: tuseme hakuna mchezaji wa Arua aliyesoma, na Patricia aachishwe kazi ili Koboko watulie.

Nilikuwepo. Patricia alikuwa nje, kwenye benchi, mlango ukiwa wazi. Hasifa alivua funguo za ofisi shingoni akaziweka mbele ya Abiriga.

"Mzee, mhariri ni mimi. Huyu akienda, mimi naenda naye. Na hilo la kusema hakuna aliyesoma, kwanza tumuulize Swaib."

Swaib ni nahodha wa Arua, fundi wa redio. Hakuna aliyetaka kumuuliza. Hasifa alishuka mjini hadi kwenye kibanda chake, akanichukua niwe shahidi. Hasifa alipomuuliza, Swaib alimaliza kuchomelea waya, akazima kifaa chake.

"Nilisoma," alisema. "Mpaka mwisho. Ningesoma nusu, ningesema ni bahati mbaya."

"Utayasema hayo Koboko?"

"Watanifukuza."

"Pengine. Utasema?"

Swaib aliwasha tena kifaa chake. Lakini Jumamosi iliyofuata alikuwa kwenye stendi ya taksi kabla yetu. Tulisafiri wanne: Hasifa, Patricia, Swaib na mimi. Njia nzima hadi Koboko, Patricia alikuwa ameukumbatia mkoba wake, na Hasifa aliketi karibu naye kiasi kwamba mabega yao yaligusana.

Ukumbi ulijaa. Watu wa Lurujo walikuja kwa baiskeli, na baadhi yao walikataa kutusalimu. Mzee Alionzi hakutupa viti.

"Nani alituma wewe?" alimuuliza Patricia.

"Hakuna mtu, mzee. Nilikosea. Nililisahau faili wazi."

"Wewe nakuja kutoka mbali, unasahau kitu ya watu, alafu unasema samahani?"

Hapo Hasifa akasogea mbele. Hakupaza sauti. Alisema Patricia alipakia, lakini mhariri ndiye anayepaswa kukagua kila ukurasa kabla haujatoka, na yeye hakukagua. Kama wanatafuta wa kumfukuza, mtu huyo amesimama mbele yao. Kisha akamgeukia Swaib.

Swaib alikiri. Aliposema amesoma hadi mwisho, watu wawili waliinuka nyuma na nikadhani sasa tutapigwa. Akamalizia kwa kusema hatagusa tena mchezo huo: Arua watacheza bila yeye, na hatamwambia mwenzake yeyote alichokiona.

Aliyefuata kuzungumza ni Rashida, ambaye ndiye aliyeubuni mpango ule.

"Mzee, mimi nataka kucheza vile vile. Kama hii mpango iko nzuri, wakiona iko shida gani? Kama iko mbaya, heri tujue."

Alionzi alimtazama, akamtazama Swaib, kisha akasema, "Leteni watu viti."

Koboko walimtoa malkia wao. Arua, bila nahodha wao, walipambana matoleo matano na wakashindwa. Swaib alikuwa wa kwanza kupiga simu Koboko kuwapongeza.

Tangu siku ile Hasifa hakutoa toleo bila yeye na Patricia kulikagua pamoja. Pia alipata jibu la swali ambalo kamati ililikwepa: kila toleo la mtandaoni sasa lina karatasi moja ya kuchapwa, yenye hatua ya mchezo mrefu na fumbo moja, nayo hupelekwa na boda hadi Lurujo na Ajia na kubandikwa penye watu. Leo Mraba lina wasomaji wengi kuliko wakati wowote wa karatasi, na hatujapoteza tawi.

Mwezi uliopita tulikutana Koboko kumchagua mhariri mpya. Mzee Alionzi aliomba kuzungumza kwanza. Alisema hajui kompyuta, ila anamjua mtu aliyesimama mbele ya ukumbi ule akasema amekosea, bila kukimbia. Akalitaja jina la Patricia Yengi. Hakuna aliyepinga. Hasifa, aliyekuwa kando yangu, alivua miwani akaipangusa, akaivaa, akaivua tena.

Bi Hasifa, klabu nzima, Arua na Koboko, inakushukuru. Nenda Ajia ukapumzike, ulime, uwafundishe wajukuu sataranji, na wakikushinda usione haya. Mungu akujalie afya na siku nyingi za furaha.