Siku Mzee Shusha Aliponyamaza

Baada ya miaka thelathini na miwili ya kuning'iniza taa na spika juu ya vichwa vya watu, fundi wetu mkuu anastaafu rasmi mwishoni mwa mwezi huu. Tunajivunia kutangaza kwamba hakuna alichokifunga kikaanguka, isipokuwa kofia yake, tena mara nyingi.

Alianza kazi kama mbeba nyaya, akapanda hadi kuwa msimamizi wa kazi zote za juu ya jukwaa. Jina la Mzee Shusha alilipata kwa haki. Mzigo ukikaa upande hata kidogo, au pete moja ya mnyororo ikimtia shaka, alipaza sauti ushushwe. Ulishushwa, hata kama ulikuwa umefika darini na mikono yetu imekufa ganzi. Tumemsema sana kwa hilo, tena akisikia.

Nani atasahau harusi ya binti yake? Ukumbi haukuwa wetu, na taa zilifungwa na watu wengine. Baba mtu aliingia na suti mpya, akatupa jicho juu, akaona fremu ya taa haina waya wa usalama, ule unaoishika mnyororo ukikatika. Ndugu walimsihi angalau siku hiyo aiache kazi kazini. Akagoma katakata. Bibi harusi akisubiri mlangoni, mzee akapanda ngazi na waya mkononi. Aliposhuka, suruali ilikuwa imechanika, na sherehe ikaendelea salama. Mkewe, shemeji yetu mpendwa, mpaka leo hajaisamehe ile suruali.

Taa za hafla ya kumuaga tumezifunga wenyewe, bila yeye kugusa chochote. Roho zilikuwa juu juu, maana akizikataa, tutajua hatujawa tayari kubaki peke yetu. Jana alikuja kuangalia. Alizunguka mikono nyuma, akakagua pete moja moja na waya mmoja mmoja. Tulisubiri ile sauti. Haikuja. Alivuta kiti, akakiweka katikati ya jukwaa, chini kabisa ya fremu kubwa ya taa tulizofunga, akaketi na kuagiza chai.

Asante sana, mzee wetu. Tunakuombea maisha marefu yenye raha tele, na tafadhali, taa ya sebuleni kwako iache hapo ilipo.